Muulize Bi Fundi: Inchi kumi za upepo

Toleo lililopita nilimjibu kijana wa Nzega aliyeuliza kama godoro kuukuu linaweza kugeuzwa mito ya makochi. Nilimwambia linaweza, tena hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Jibu lilikuwa fupi, lakini barua zilizofuata karibu zote zimekuwa za magodoro. Watu wananunua, yanatitia, wananuniana ndani ya nyumba. Basi safari hii makochi yasubiri.

Kwa wasomaji wapya: karakana yangu iko Isevya, hapa Tabora mjini. Siuzi godoro jipya na hakuna mwenye duka anayenilipa. Mimi naletewa yaliyokufa. Nayachana, natoa kitambaa, nakata sehemu iliyobaki na uhai, mabaki nawapa wanaojaza mito. Ukishachana magodoro ya watu wa kila aina, unajua lipi lilikuwa godoro kweli na lipi lilikuwa hewa iliyovishwa nguo.

Shikamoo Bi Fundi. Mimi na mwenzangu tumefunga ndoa mwaka huu, tunaishi Urambo, tunalima tumbaku. Malipo ya msimu yakitoka tunataka godoro la maana, tano kwa sita. Dukani tumeonyeshwa matatu: la sponji inchi kumi lenye kitambaa cha maua, la inchi nane wanaloliita haidensiti ambalo bei yake imelipita hilo la inchi kumi, na la springi. Mume wangu anataka la inchi kumi kwa kuwa ni nene na bei nafuu. Mimi roho inasita. Yeye ana kilo tisini na kitu, mimi hamsini na tano.
*Bibi harusi, Urambo*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa ndoa. Roho yako inasita kwa haki. Mwambie mwenzio asinune, nitamweleza kwa hesabu za ghalani.

Sponji ni aina ya plastiki iitwayo poliyurethani. Chanzo chake ni Ujerumani, mwaka 1937, kwa mkemia Otto Bayer na wenzake. Kiwandani vinachanganywa vimiminika viwili na maji kidogo, gesi inazaliwa humo humo, mchanganyiko unaumuka kama unga wa maandazi na kukauka ukiwa bonge kubwa. Bonge hilo ndilo linalokatwa vipande vya inchi nne, sita, nane. Sasa, mwenye kiwanda akitaka bonge liumuke zaidi kwa malighafi ile ile, linaumuka. Anapata inchi nyingi za kuuza, ila kuta za vile vitundu vya hewa zinakuwa nyembamba. Ukililalia kila usiku kuta zinachoka, zinakatika, na godoro linafanya bonde pale nyonga inapokaa. Magodoro ninayoletewa yanakufa hapo hapo, katikati. Kichwani na miguuni sponji huwa bado mpya, ndiyo maana mimi nina kazi.

Kipimo cha wingi wa malighafi ndicho hiyo densiti: kilo ngapi za sponji katika mita moja ya ujazo. Sponji ya kilo 16 mpaka 20 ni ya mito ya kuegemea au kitanda cha mgeni anayekuja Krismasi na kuondoka. Mtu mzima anayelala hapo kila siku mimi namwanzishia 25. Mwenye kilo tisini na kitu, kama mumeo, namwambia 30 au zaidi.

Neno haidensiti likichapwa kwenye nailoni bila namba pembeni yake halina uzito wowote. Uliza namba. Muuzaji asipoijua, omba mzani. Nyinyi wakulima wa tumbaku mzani hauwapigi chenga. Mmeshasimama kwenye chama cha msingi mkikodolea macho kilo za marobota yenu. Fanyeni vivyo hivyo dukani. Godoro la tano kwa sita, inchi nane, lina ujazo wa mita 0.57 hivi. Likiwa la densiti 20, sponji yake ina kilo 11 na kidogo. Likiwa la densiti 30, inafika kilo 17. Hilo la inchi kumi lina ujazo wa mita 0.71. Mkiliweka kwenye mzani, mkatoa kilo moja hivi ya kitambaa na zipu, mkakuta kilo 11, basi densiti yake ni kama 16 tu. Hapo mmelipia inchi kumi za upepo.

Mzani nao unaweza kudanganywa. Kuna sponji inayoongezwa unga wa chaki kiwandani ili iwe nzito. Kuna godoro la vipande pia, yaani mabaki yaliyosagwa yakagandishwa kwa gundi. Utalijua kwa madoa yake ya rangi rangi. Hilo la vipande silichukii, ni gumu na linadumu, ila liuzwe kwa jina lake. Kwa hiyo baada ya mzani fungua zipu uone kilichomo. Bonyeza ngumi mpaka ikaribie kugusa chini, kisha iachie. Sponji nzuri ya kawaida inarudi papo hapo bila kuacha alama. Yenye chaki hurudi kwa uvivu, na ukivuta ncha yake inakatika upesi. Tazama na vitundu: viwe vidogo na vinavyolingana, visiwe mapango hapa na pale. Halafu vueni viatu mlale wote wawili, kwa ubavu na kwa mgongo, dakika kumi nzima. Muuzaji akikunja uso, mwacheni akunje.

Sasa la springi. Si jambo la jana. Mjerumani Heinrich Westphal alilitengeneza mwaka 1871. Mengi yanayofika madukani kwetu springi zake zimefungwa pamoja kwa waya, moja ikisukumwa inavuta wenzake. Mumeo akigeuka saa nane za usiku, wewe wa kilo hamsini na tano unarushwa. Yapo yenye springi zilizoshonewa kila moja kwenye kifuko chake, na hayo yametulia, lakini bei yake ni ya watu waliouza tumbaku ya misimu miwili. Kumbuka na safari. Springi halikunjwi. Likikunjwa juu ya keria la basi au nyuma ya bodaboda, waya unapinda na haunyooki tena. Sponji utalikunja, utalifunga kamba, litafika Urambo likiwa lile lile.

Uamuzi wangu: hilo la inchi nane, kama mzani utaliunga mkono. Hela ikipelea, shukeni mpaka inchi sita ya densiti ile ile kabla ya kufikiria inchi kumi ya hewa.

Na kabla hamjatoa hata shilingi, inueni godoro la sasa mtazame chaga. Maseremala wetu wa Tabora wanajua kuchonga kitanda cha mninga mpaka uone haya kukilalia, lakini wakifika kwenye chaga ubahili unawaingia. Wanaweka sita au saba, basi. Sponji inajipenyeza kwenye nafasi zile, na mimi naletewa godoro zuri lenye mifereji mgongoni. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi tatu. Kwa urefu wa futi sita, chaga zenye upana wa inchi tatu zinatakiwa kumi na mbili. Kitanda cha tano kwa sita kinahitaji pia mti wa katikati wenye mguu unaogusa sakafu. Chaga za kuongeza ni gharama ndogo sana ukilinganisha na godoro, nanyi mtazitumia na kwa godoro litakalofuata.

Bi Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu. Mgongo wa chini umenisumbua miaka mingi. Kila ninayemweleza ananiambia nilale pagumu: godoro gumu kabisa, wengine wanasema hata ubao. Nimehamia kwenye mkeka sakafuni, naamka nikiwa nimekakamaa zaidi. Ninunue godoro gumu kiasi gani?
*Mwalimu mstaafu, Kasulu*

Shikamoo mwalimu. Rudi kitandani.

Ushauri wa ubao ni wa zamani, na hata waganga wa hospitali walikuwa wakiutoa. Kisha watafiti wa Hispania waliupima. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine magodoro ya ugumu wa wastani, bila kujua nani kapewa lipi. Baada ya siku 90 waliolalia ugumu wa wastani walikuwa na nafuu zaidi, kitandani na hata wakati wa kuinuka. Utafiti ulichapishwa mwaka 2003 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Mtu akikuambia ubao, mwambie habari hiyo. Wewe ni mwalimu, utajua namna ya kumweleza.

Sababu yake inaonekana ukijitazama ulivyoumbwa. Ukilala ubavu, bega na nyonga vimetokeza, kiuno kimeingia ndani. Pagumu kabisa panaacha kiuno kikining'inia hewani usiku kucha. Palaini mno panazamisha nyonga na mgongo unapinda upande wa pili. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu: lala chali, mtu mwingine apitishe kiganja chini ya kiuno chako. Mkono ukipita wazi wazi pana pengo, godoro ni gumu kwako. Akilazimika kuchimba ili auingize, ni laini. Upite kwa kugusagusa.

Ugumu na densiti msivichanganye, wasomaji wangu, maana barua nyingi zinavichanganya. Densiti inakuambia godoro litadumu kiasi gani. Ugumu ni namna linavyokupokea. Sponji ya densiti kubwa inaweza kutengenezwa iwe laini.

Kama nyumbani lipo godoro gumu ambalo halijabonyea, huna haja ya jipya. Tafuta sponji nzuri ya inchi mbili, uitandike juu yake, uishonee kava moja. Ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti. Ukilala chali uweke chini ya magoti. Lakini maumivu yakishuka mguuni na ganzi, au yakija na homa, au ukaanza kukonda bila sababu, au haja ndogo ikaanza kukuponyoka, hilo halimhusu fundi makochi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Bi Fundi, sisi tuko Kibirizi, ziwa tunaliona mlangoni. Godoro la watoto tunalitandika sakafuni na upande wa chini umeota ukungu mweusi. Jirani anasema tatizo ni sponji, tununue la springi. Mwingine ametusifia la makumbi ya nazi.
*Mama wa watatu, Kigoma*

Dada yangu wa mwisho wa reli, sponji umeionea. Aliyeharibu ni sakafu.

Mtu akilala anatoa jasho na mvuke usiku mzima. Watoto watatu, wanatoa zaidi. Unyevu huo unashuka ndani ya godoro, unakutana na saruji yenye ubaridi, unageuka maji, na chini hakuna pa kutokea. Ukijumlisha msimu wa mvua wa kwenu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, na hewa ya ziwa, godoro lolote litaota ukungu. La springi litaota ukungu na kutu juu yake. Nimelichana moja lililotoka pwani ya ziwa, waya ulikuwa ukivunjika vidoleni.

La makumbi nalisifu kwa jambo moja: lina njia za hewa. Nyuzi za maganda ya nazi zinarushiwa utomvu wa mpira na kubanwa, zinabaki na nafasi kati yake. Ni gumu, watoto hawalalamiki, na bonde haliji upesi. Hata hivyo ukilitandika saruji tupu, yale yale.

Kwa hiyo hela ya godoro jipya igawe. Kwanza mwambie seremala akupigilie jukwaa la chaga, hata la mbao za paini, liinuke kiganja kimoja kutoka sakafuni. Pili, kama godoro bado limevaa ile nailoni ya dukani, ivue. Najua tunaiacha ili lisichafuke, ila jasho linagota humo na kurudi kwenye shuka, na kwa mtoto mchanga nailoni ni hatari ya kumziba pumzi. Kwa kikojozi tandika makintoshi chini ya shuka, pale pa kiunoni tu. Tatu, kila asubuhi shuka zisitandikwe papo hapo. Godoro lisimamishwe ukutani mpaka chai iishe.

Lile lenye ukungu, kama doa limebaki kwenye kava, fua kava na ulikaushe vizuri. Kama limeingia kwenye sponji yenyewe halitoki, hata ulisugue vipi. Ndani mkiwa na mtoto mwenye pumu, litoeni nyumbani.

Na magunia ya dagaa yasilale chumba kimoja na godoro. Mnajua kwa nini.

Fundi, binti yangu anaingia kidato cha kwanza bweni. Fomu inasema godoro la futi mbili na nusu kwa sita, haikutaja unene. Nataka nimnunulie la inchi nane, asiteseke.
*Baba wa binti, Sikonge*

Baba, upendo wako naupenda, ila nunua inchi nne.

Bweni lina vitanda vya dabodeka. Binti akipangiwa juu, kinachomzuia asianguke ni ule ukingo wa chuma pembeni. Godoro nene linamwinua mpaka ukingo unamfikia ubavuni tu, akigeuka usingizini anakwenda chini. Ukingo ubaki juu ya godoro angalau inchi tano.

Ulichotaka kuongeza kwenye unene, kiweke kwenye densiti. Godoro la kipimo hicho la inchi nne likiwa zuri, sponji yake inafika karibu kilo nne. Ukikuta mbili na nusu, mrudishie mwenye duka. Mshonee kava la pili la kitambaa kizito, la rangi ambayo wenzake hawana, na jina lidariziwe kwenye kava, maana kalamu ya wino inafulika na magodoro ya bweni yana tabia ya kutembea.

Habari za kazi Bi Fundi. Nina nyumba ya kulala wageni. Kunguni wameingia vyumba viwili. Kijana wangu amepulizia magodoro ile dawa tunayotumia shambani, harufu haitoki na kunguni wamerudi. Nichome magodoro ninunue mapya? Ya springi au sponji?
*Mwenye gesti, Kaliua*

Nzuri kaka. Kwanza hayo magodoro yaliyopuliziwa dawa ya shambani yaondoe vyumbani leo, na asilale mtu juu yake. Dawa ya shambani imetengenezwa kwa ajili ya majani yanayosimama kwenye upepo. Haikutengenezwa kwa ajili ya sponji ambayo mtu ataweka pua yake saa nane mfululizo. Naisikia sana hii katika mikoa yetu ya tumbaku na pamba, kwa kuwa dawa ipo stoo na kunguni wapo kitandani. Mafuta ya taa nayo yasimwagwe. Sponji ikishika moto inawaka kwa kasi ya kutisha, na moshi wake una sumu inayoangusha mtu kabla moto haujamfikia. Kwa sababu hiyo hiyo usiyachome uani. Mgambo wa mazingira asipokufuata, majirani watakufuata.

Magodoro mapya bila kusafisha chumba ni kuwatandikia kunguni. Wao hawakai godoroni peke yake. Wako kwenye maungio ya kitanda, tundu za misumari, nyuma ya fremu ya picha, soketi, mikunjo ya pazia. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kunywa damu, kwa hiyo kufunga chumba wiki mbili ni kujifariji. Tafuta mpuliziaji anayetumia dawa iliyosajiliwa kwa matumizi ya majumbani, na lazima arudie baada ya wiki moja na siku kadhaa, kwa sababu mayai huanguliwa ndani ya siku sita mpaka kumi na dawa nyingi haziyaui. Shuka, foronya, mapazia na chandarua vichemshwe au vifuliwe kwa maji ya moto sana. Visivyovumilia moto peleka juani ndani ya mfuko mweusi uliofungwa.

Ukishafika kwenye kununua: gesti, nunua sponji la densiti kubwa, inchi sita, lenye kava la zipu linalofunga mpaka mwisho bila pengo. Mshono uwe mmoja na ulio wazi. La springi lina matundu ya hewa pembeni, kingo zilizoviringishwa na vifungo vya juu, na kila kimoja ni chumba cha bure kwa kunguni. Ukilichana unakuta wamejenga mji. Kwa hayo mazima yaliyosalia kwenye vyumba vingine, yavalishe kava la namna hiyo na usilivue kwa mwaka mzima. Waliofungiwa watafia humo.

Na vitanda vyako vya mbao, mwite seremala azibe nyufa kwa gundi na vumbi la mbao.

Kila Jumamosi natoa kava na kuanika sponji juani kutwa. Imegeuka njano na ukiigusa inatoa unga. Nimeuziwa feki?
*Dada wa Ipuli*

Hapana mdogo wangu, umeikaanga. Mwanga wa jua unaikata poliyurethani. Njano ndiyo dalili ya kwanza, unga ndio wa pili. Lisimamishe barazani, kivulini penye upepo, kava likiwa limevaliwa. Kava ndilo la kufua na kuanika juani upendavyo. Huo unga ukwangue, vaa barakoa, kisha tandika blanketi kuukuu kati ya sponji na kava. Litakuvusha kidogo.

Shemeji yangu wa Dar es Salaam amenitumia godoro lililobanwa kama zulia. Nimelifungua, limeinuka upande mmoja tu, lina harufu, na ukilibonyeza linaacha alama ya mkono. Usiku linachemka. Ni zima kweli?
*Nesi, Kitete*

Ni zima, dada. Hilo ni la sponji yenye kumbukumbu, ile inayobonyea polepole na kurudi polepole. Ilibuniwa Marekani mwaka 1966 katika kazi za shirika la anga la NASA, na Charles Yost, akitafuta mto wa kiti cha ndege utakaompokea mtu vizuri. Kuacha alama ya mkono ndiyo kazi yake. Kuinuka upande mmoja kunatokana na kubanwa safarini. Lipe siku mbili tatu mahali palipo wazi, usilikalie. Harufu nayo itaondoka madirisha yakiwa wazi.

Joto lakini litabaki. Sponji hiyo hulainishwa na joto la mwili, inakukumbatia, na hewa haizunguki. Hapa kwetu Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi, utalishukuru. Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, utalichukia. Lipe shuka la pamba tupu, acha yale ya kung'aa, na tandika mkeka mwembamba wa ukindu katikati ya godoro na shuka miezi ya joto. Watu wanaocheka mkeka juu ya godoro la gharama hawajawahi kulala Tabora mwezi wa kumi. Hilo usiligeuze chini juu: tabaka la kumbukumbu ni la juu tu. Zungusha kichwa kiende miguuni kila baada ya miezi michache. Magodoro ya sponji ya aina moja, hayo geuzeni pande zote.

Bi Fundi, bibi yetu ana miaka themanini na kitu. Tumemnunulia godoro zuri la sponji, amelikataa. Anasema linamchoma, anataka la sufi kama alilokuwa nalo. Tumempuuza ila halali. Sufi bado inafaa?
*Mjukuu, Ujiji*

Inafaa, tena mmemwonea. Sufi ni nyuzi zenye uwazi ndani na nta nje, hazishiki maji kwa urahisi, na hewa inapita. Bibi anayesema sponji inamchoma anawaeleza jambo la kweli kuhusu ngozi yake, msimwambie amezoea ushamba.

Shida ya sufi ni uvivu wetu. Inagandamana ikawa mabonge, kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa mshono ufunguliwe, ichambuliwe kwa vidole mpaka iumuke, irudishwe. Hilo ndilo godoro la kuanika juani bila woga, jua linaichangamsha. Lijazwe kupita kiasi mnachodhani kinatosha, kwa maana litashuka, na lishonwe vifundo vya kupitiliza juu mpaka chini kila baada ya kiganja kimoja, ili sufi isikimbilie pembeni. Kama nyonga zake zimekonda sana, tandikeni chini yake lile la sponji mlilonunua, la sufi likae juu. Hela yenu haitapotea, na bibi hana haja ya kujua.

Kitu kimoja cha kuangalia: sufi inashika moto upesi kuliko mnavyofikiri. Kibatari, mshumaa na dawa ya mbu ya kuwasha vikae mbali na kitanda chake, bora zaidi nje ya chumba, atumie chandarua.

Mkinunua sufi hakikisheni imetolewa mbegu, panya wanazipenda. Kitambaa chukueni kile kizito kilichofumwa kwa kubana, kama cha turubai jepesi, vinginevyo nyuzi zitatoka na kumkohoza. Mkikosa fundi huko Ujiji, nitumieni kwa treni kitambaa na vipimo vya kitanda, nitashona gunia lake na kuacha upande mmoja wazi. Kujaza mtajaza wenyewe, hapo hapo mbele yake, yeye atawaambia lini inatosha.